Mafunzo Manne Niliyopata kwa Kukagua Magari ya Mtumba

Nimekagua magari Dar es Salaam kwa miaka mingi, mnunuzi akisubiri neno langu ndipo alipe. Wewe unayejikusanya upate gari lako, haya uyajue mapema.

1. Bodi ngumu si usalama

Mteja mmoja alipiga boneti ya pikapu kwa kiganja: "Fundi, sikia chuma hicho!" Nikamweleza kwamba mwaka 2018 Global NCAP, shirika linalopima usalama wa magari kwa nyota, iligongesha pikapu ya Nissan NP300 Hardbody kwa kilomita 64 kwa saa. Ilikuwa na eabegi, lakini ikaambulia nyota sifuri kwa usalama wa watu wazima. Pua ya gari inatakiwa ikunjamane, imeze nguvu ya mgongano. Wanapokaa watu ndipo pasibonyee. Tafuta nyota, kisha utazame ni za mwaka gani, maana vipimo hukazwa kila baada ya muda.

2. Nyota hazikuambii bili

Gari lenye nyota nzuri liligusa nguzo ya geti, taratibu kabisa. Bampa lilipata ufa mdogo. Tulipolifungua tukakuta masikio ya taa yamekatika na rejeta imebonyea. Nilishangaa, kisha nikaelewa kwa nini vituo vya utafiti vya kampuni za bima hugongesha magari kwa kilomita 15 tu kwa saa: wanapima gharama ya matengenezo. Kabla ya kununua, ulizia bei ya taa moja ya mbele.

3. Utunzaji ni spea

Nimeona fundi akishusha pampu ya maji ya Toyota IST chini ya mwembe, kijana akatumwa Kariakoo, na jioni gari likaondoka. Injini yake ya 1NZ imo pia kwenye Probox, kwa hiyo spea zipo na mafundi wanaijua. Gari ambalo kila kifaa chake huagizwa nje litakulaza gereji hata kama haliharibiki mara kwa mara.

4. Nyota ni za gari zima

Gari lililovunjika likaungwa halina tena nyota zake. Kwenye karatasi ya mnada ya Japani, daraja la R humaanisha limewahi kupata ajali na kutengenezwa. Karatasi ikikosekana, fungua boneti utazame nati za mabawa: rangi ikiwa imechubuka pembeni, spana imeshapita hapo.

Usikubali sifa moja ifunike nyingine. Bili ya bampa utailipa kidogo kidogo, na spea utaisubiri. Uhai haununuliwi dukani. Anza na nyota, ndipo uje kwenye bei.