Majeraha Chini ya Sweta

Suma na Tukuyu, mkoani Mbeya, ni kwenye mvua na baridi. Binti akishinda na sweta hamshangazi mtu. Ndiyo maana mwenzake wa bwenini anaweza kumaliza naye muhula bila kujua kuwa binti huyo anajijeruhi. Akija kugundua, humrukia: "Una wazimu?" Neno hilo humfunga mdomo kabisa.

Mara nyingi anayejijeruhi hatafuti kifo wala sifa. Anatafuta nafuu ya muda kwa maumivu asiyoweza kuyasema. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kuwa waliofanyiwa ukatili wa kingono utotoni wamo katika hatari kubwa zaidi ya kujijeruhi baadaye. Si wote wanaojijeruhi waliopitia hayo, kwa hiyo usimchimbe. Lakini ujue ukatili wa kingono si jambo la wachache: utafiti wa kitaifa wa 2009 nchini Tanzania uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24, na karibu wasichana 3 kati ya 10 walisema walifanyiwa ukatili huo kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wavulana ilikuwa takriban 1 kati ya 7. Karibu nusu ya wasichana hao hawakumwambia mtu yeyote. Wangesemaje, ikiwa mtendaji ni ndugu au jirani na wakubwa wanataka mambo yaishe kifamilia? Kuyamaliza hivyo ni kumwachia mtoto mzigo mzima.

Ukimgundua mwenzako, sema: "Pole. Niko nawe." Akikueleza yaliyompata, mwambie unamwamini na kwamba si kosa lake. Usimwombe akuonyeshe makovu, wala usiyapeleke kwenye soga za bweni. Muulize kwa upole kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Akikubali, usimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Jeraha litibiwe, lakini na moyo upate mtu wa kuusikiliza: mshauri wa wanafunzi chuoni, hospitali ya wilaya ya Makandana, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Kwa mtoto anayeteswa sasa, piga 116 bila malipo, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Aliyebakwa afike hospitali ndani ya saa 72 apate dawa za kuzuia VVU.

Nawe binti uliyebeba siri hii, mwenye kosa ni aliyekutenda. Mwambie mtu mmoja unayemwamini. Asipokusikia, mwambie mwingine.