Uzito wa Deni na Mwendo wa Mshahara: Hesabu ya Anayetaka Kusoma Fizikia

Kila mwaka mwalimu wa fizikia huulizwa na wanafunzi wake: je, yafaa kukopa ili kusoma shahada ya somo hili, hali mshahara wa kwanza si mkubwa? Swali hili ni la haki, na halifai kujibiwa kwa kubahatisha. Ni swali la vipimo, nasi tutalitazama hivyo.

1. Deni na makato

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 yaliyapandisha makato ya mdaiwa aliyeajiriwa kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara wake.

Watu wengi hulinganisha deni zima na mshahara wa mwezi mmoja, kisha huingiwa na hofu. Hilo ni kosa la vizio: deni ni kiasi, bali mshahara ni kiasi kwa muda. Ni sawa na kulinganisha kilomita na kilomita kwa saa. Yatupasa kugawanya, ndipo tupate muda:

Muda = Deni ÷ (0.15 × Mshahara)

Tuchukue, kwa mfano tu, deni la Sh. 12,000,000 na mshahara wa Sh. 800,000 kwa mwezi. Makato ni Sh. 120,000, na deni litakwisha baada ya miezi 100, yaani miaka 8 na miezi 4.

2. Mkondo wa tozo

Hapo zamani ilikuwapo pia tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kwa mwaka, ambayo Serikali iliifuta mwaka 2021. Tuseme ilihesabiwa kila mwezi: katika mfano wetu, mwezi wa kwanza tozo ingekuwa Sh. 60,000, nusu kamili ya makato. Mdaiwa angekuwa kama mvuvi apigaye kasia dhidi ya mkondo: nguvu ni ile ile, lakini mwendo ni nusu. Kwa kuwa mkondo huo hupungua kadiri deni lipunguavyo, safari ingechukua miezi 139 badala ya 100.

3. Gharama isiyoandikwa

Deni huandikwa katika mkataba. Iko gharama nyingine isiyoandikwa popote, nayo ni mshahara ambao mtu hakuupata alipokuwa masomoni.

Tuwatazame Asha na Juma, wote wawili wenye stashahada ya ufundi wa maabara. Juma anaajiriwa kuwa fundi sanifu kwa Sh. 500,000. Asha anakwenda Chuo Kikuu miaka mitatu kusoma fizikia, kwa mkopo uliotajwa hapo juu. Tuache kando kodi na nyongeza za mshahara. Katika miezi hiyo 36 Juma amepokea Sh. 18,000,000. Kumbe gharama isiyoandikwa ni kubwa kuliko deni lenyewe!

Asha akiajiriwa mara moja kwa Sh. 800,000, baada ya makato hubakiwa na Sh. 680,000, yaani Sh. 180,000 zaidi ya Juma. Katika miezi 100 atakuwa amemfikia Juma, na mwezi huo huo deni lake litakuwa limekwisha. Tangu hapo atamzidi kwa Sh. 300,000 kila mwezi.

Lakini Asha akikaa mwaka mzima bila kazi, Juma ataongeza Sh. 6,000,000 mbele yake. Asha akianza kazi, hatamfikia kwa miezi 100 bali 120. Mwaka mmoja wa kungoja umemgharimu karibu miaka mitatu.

4. Funzo

Basi asiyeogopa deni hajapima, na aogopaye deni peke yake amepima nusu. La kuangaliwa zaidi ni muda kati ya mahafali na mshahara wa kwanza. Mwanafunzi aulize mapema ni wapi fizikia huhitajiwa: ualimu, hali ya hewa, kinga ya mionzi, fizikia ya tiba katika matibabu ya saratani, vipimo na viwango, kisha achague masomo ya ziada yanayomwelekeza huko. Naye mwalimu asimfiche hesabu hizi kwa kuhofia kumpoteza. Apendaye fizikia hatakimbizwa na hesabu ya kugawanya.

Maswali

1. Mshahara wa Asha ungekuwa Sh. 1,000,000, deni lingekwisha kwa miezi mingapi?

2. Kwa makato ya asilimia 8 na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka, ni mshahara gani ambao deni la Sh. 12,000,000 lisingepungua hata senti moja? Eleza lingekuwaje kwa mwenye mshahara mdogo kuliko huo.

3. Chora grafu ya deni dhidi ya muda, pamoja na tozo na bila tozo. Kwa nini moja ni mstari ulionyooka na nyingine ni mstari uliopinda?