Matairi ya gari la haibridi kwa barabara za Matiri: nini cha kutazama kabla ya kununua

Magari ya haibridi, yale yanayotumia injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, si mageni tena Tanzania. Toyota Aqua, Prius, Fielder na Honda Fit huletwa kwa wingi kutoka Japan yakiwa yameshatumika, na mengine yamefika hadi vijiji vya Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa. Huja na matairi yaliyochaguliwa kwa ajili ya lami ya Japan. Matairi hayo yakiisha, mwenye gari hupewa ushauri wa aina mbili. Mmoja humwambia anunue tairi la kuokoa mafuta kuliko yote. Mwingine humwambia anunue tairi kubwa ili gari liinuke.

Kwa mtu wa Matiri, wilayani Mbinga, ushauri wote huo unaweza kumtia hasara. Anayetoka huko hupita barabara ya udongo na mawe, hukutana na tope kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kisha huingia kwenye lami ya kwenda Songea au kuteremka Mbamba Bay. Gari lake linahitaji tairi la saizi ya kiwandani, lenye ukuta mrefu na linaloshika vizuri barabara ikiwa na maji. Kuokoa mafuta kuje baada ya hayo.

Anza na kibandiko cha mlangoni

Fungua mlango wa dereva utazame nguzo ya pembeni. Hapo pana kibandiko chenye saizi ya tairi na kiasi cha upepo. Kifuate hicho kwanza, kwa sababu huenda aliyekuuzia gari alibadilisha matairi.

Aqua nyingi hutumia 175/65R15. Prius zilizotengenezwa kati ya 2009 na 2015 hutumia 195/65R15 au 215/45R17. Chukua mfano wa 175/65R15: 175 ni upana kwa milimita, 65 inaonyesha kuwa urefu wa ukuta ni asilimia 65 ya upana huo, na 15 ni ukubwa wa ringi kwa inchi.

Baada ya saizi huandikwa namba na herufi, mfano 84H. Namba 84 ina maana kwamba tairi moja linabeba hadi kilo 500. Namba 91 ni kilo 615. Herufi inaonyesha mwendo wa juu kabisa: S ni kilomita 180 kwa saa, T ni 190 na H ni 210. Usishuke chini ya namba ya mzigo iliyowekwa na kiwanda. Haibridi imebeba betri na mota juu ya uzito wa kawaida wa gari, na ukiongeza abiria na gunia la kahawa, tairi dhaifu huchemka na kuchoka upesi.

Kuokoa mafuta kuna kiwango chake

Kila tairi linapozunguka hujikunja likigusa barabara, na kujikunja huko hula nguvu. Matairi mengi ya haibridi hutengenezwa kwa mpira unaopunguza upotevu huo. Faida yake ni ya kweli, lakini tuipime: ukipunguza ukinzani wa tairi kwa asilimia 10, matumizi ya mafuta hupungua kwa takribani asilimia 1 hadi 2. Anayetumia lita 60 kwa mwezi ataokoa karibu lita moja. Tairi moja likichanika ubavuni kwa jiwe, akiba ya miezi mingi imekwenda.

Jambo jingine la kufahamu: tairi jipya, hata likiwa zuri, hula mafuta zaidi kidogo kuliko lile lililochakaa, kwa kuwa mpira wake bado ni mnene. Ukiona wastani wa kilomita kwa lita umeshuka baada ya kufunga matairi mapya, usifikiri mara moja kuwa umeuziwa tairi baya.

Mshiko kwenye maji ndio uhai

Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66, imewekwa lami. Inashuka kutoka milima ya Umatengo, ambako kuna maeneo yanayozidi mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hadi ziwani, karibu mita 500. Ni mteremko mrefu wenye kona, na mvua ikinyesha lami huteleza.

Katika haibridi nyingi ndogo, magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta gari, yanayokata kona na yanayobeba sehemu kubwa ya breki. Unapofunga breki, mota hugeuka jenereta na kuchaji betri kupitia magurudumu hayo hayo. Ndiyo maana matairi ya mbele huisha mapema, na ndiyo maana yanahitaji mshiko. Kwenye Prius na Aqua, tumia gia B mteremko ukiwa mrefu. Betri ikijaa, breki ya umeme hupungua. Gia B huifanya injini isaidie kulizuia gari, nazo breki za kawaida zisichemke.

Dukani, tafuta karatasi ya alama iliyobandikwa kwenye tairi. Kwa matairi ya Ulaya, mshiko kwenye maji hupangwa kutoka A, ulio bora, hadi E. Kwa ya Japan, kuokoa mafuta huandikwa kwa herufi kubwa kutoka AAA hadi C, na mshiko kwa herufi ndogo kutoka a hadi d. Ukilazimika kuchagua kati ya AAA yenye d na A yenye b, chukua ya pili.

Mifereji ya tairi ina vinundu vidogo vinavyoonyeshwa na alama TWI pembeni mwa tairi. Mpira ukilingana navyo, umebaki na milimita 1.6 tu na tairi hilo limekwisha. Kwa mvua za kwetu usingoje kufika hapo. Likibaki na milimita 3, anza kutafuta jingine, na ufanye hivyo kabla ya masika.

Ukuta mrefu hustahimili mawe

Tairi la 195/65R15 lina ukuta wa milimita 127. La 215/45R17 lina milimita 97. Yote mawili hufungwa kwenye Prius, na urefu wa gurudumu zima unakaribiana, lakini la kwanza lina sentimita tatu zaidi za mpira kati ya jiwe na ringi. Kama Prius yako ilikuja na ringi 17 na njia yako ya kila siku ni ya udongo, fikiria kuhamia ringi 15 za Prius. Mwombe fundi ajaribishe ringi moja kabla hujalipia zote.

Saizi kubwa haiinui gari kama unavyodhani

Aqua ina uwazi wa takribani sentimita 14 kutoka chini, na hamu ya kuinua inaeleweka. Lakini ukitoa 175/65R15 na kufunga 195/65R15, kipenyo huongezeka kwa milimita 26, na gari huinuka nusu yake tu, yaani milimita 13. Tairi linaweza kukwaruza ndani ya bodi unapokata kona, mota italizungusha kwa nguvu zaidi, na spidi ikisoma 80 utakuwa unakwenda zaidi ya 83. Kwenye njia mbaya, mwendo wa polepole na kuchagua pa kukanyaga vinasaidia kuliko hizo milimita 13.

Soma tarehe kabla ya kulipa

Kwenye ubavu wa tairi, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. Mfano 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Baada ya miaka 5 tairi likaguliwe kila mwaka, na likifika 10 litolewe hata kama mifereji bado mirefu. Mwambie muuzaji kwa upole: “Kaka, naomba nione tarehe ya kila moja kabla hujafunga.” Muuzaji mwaminifu hatakataa.

Matairi ya mtumba yaangalie kwa tahadhari kubwa. Mengi yana mifereji mizuri lakini ni ya zamani, na jeraha la ndani huonekana tu tairi likitolewa kwenye ringi. Lenye kiraka ubavuni liache.

Kwa fundi tairi

Zima gari kabisa, na hakikisha taa ya READY imezimika. Haibridi inaweza kuwa kimya huku imewaka, na injini ikajiwasha ghafla. Mwonyeshe fundi sehemu maalumu za kuwekea jeki, kwa sababu chini ya sakafu hupita nyaya za rangi ya chungwa zenye umeme mkubwa. Jeki isiziguse.

Funga matairi manne yanayofanana ukiweza. Ukinunua mawili, yawe ya aina moja na yafungwe nyuma. Yale ya zamani yenye hali nzuri yaende mbele. Nyuma ikiteleza kwenye maji, madereva wengi hushindwa kulirudisha gari. Fanya balansi na alaimenti, na yabadilishane nafasi, ya mbele na ya nyuma, kila kilomita 10,000, au mapema zaidi kama njia yako ni mbovu. Angalia pia kama gari lina tairi la akiba. Haibridi nyingi kutoka Japan huja na chupa ya dawa ya kuziba pancha tu, na dawa hiyo haiponyi tairi lililochanika ubavuni.

Upepo hupimwa tairi likiwa baridi

Pima asubuhi kabla ya kuondoka. Kibandiko kikiandika kPa, gawanya kwa 7 upate PSI kwa makadirio: 230 ni kama 33. Ukitoka kwenye baridi ya Mbinga mwezi Juni ukafika kwenye joto la Mbamba Bay, kipimo kitasoma juu. Usipunguze upepo hapo. Ukirudi mlimani tairi likapoa, litakuwa limelegea. Tairi lililolegea hula mafuta, huisha pembeni na huchanika upesi kwenye mawe.

Fedha zikiwa chache

Nunua kwa mpangilio huu: kwanza saizi na namba ya mzigo, pili tarehe, tatu mshiko kwenye maji, nne uokoaji wa mafuta, na mwisho jina la kampuni. Matairi mawili mapya yaliyo sahihi ni bora kuliko manne ya kubahatisha. Kisha nunua kipimo cha upepo ukiweke kwenye gari. Bei yake ni ndogo, na kitayalinda matairi hayo kila wiki.