Mwenye Motokaa na Mwenye Baiskeli

Somo letu la mwezi huu ni la barabarani. Labda wako watakaouliza, Je, barabara nayo yaweza kuwa somo? Yaweza, na sisi tukaao Ufipa tumekwisha kulipa ada yake, maana ni wachache kwetu wasioijua hata nyumba moja iliyomlilia mtu aliyegongwa njiani akiwa na baiskeli yake.

Watu wazima wakumbuka jinsi ilivyokuwa njia itokayo Tunduma kuja Sumbawanga kabla ya lami. Wakati wa masika malori yalizama katika tope, abiria wakashuka kusukuma; wakati wa kiangazi vumbi lilisimama nyuma ya kila gari kama moshi wa nyasi zinazoungua. Ni mwendo wa kilometa 224. Mwaka 2008 serikali ya Tanzania na serikali ya Marekani zilitia sahihi mkataba, na kwa fedha ya mkataba huo, uliokoma mwaka 2013, njia hiyo ilijengwa kwa lami. Tulifurahi, nasi tulikuwa na haki ya kufurahi, kwa kuwa mgonjwa hufika hospitali upesi, na mahindi yetu hufika sokoni kabla ya kuoza. Lakini mashimo yale tuliyoyalaani yalikuwa askari. Hayakuhitaji filimbi wala mshahara. Dereva aliyekwenda mbio aliadhibiwa papo hapo kwa kuvunja springi zake mwenyewe. Lami ilipokuja askari yule aliondoka. Mwenye baiskeli naye aliipenda lami, maana gurudumu lake jembamba huenda juu yake bila taabu. Basi wote wawili walikutana mahali pamoja, mmoja akienda kilometa 15 kwa saa, mwenziwe 80 na zaidi.

Tena tufikiri ni nani aendaye kwa baiskeli. Siku hizi abiria wengi wamechukuliwa na pikipiki, lakini yule asiye na fedha ya petroli angali na baiskeli yake. Ndiye aletaye mkaa mjini, ndiye abebaye gunia la mahindi juu ya keria kwenda mashineni, na kuku wakining'inia kwenye usukani. Mzigo wake mara nyingi ni mzito kuliko yeye mwenyewe. Mtu wa namna hii hawezi kuruka kando upesi, hata akitaka.

Ajali ikitokea watu hugawanyika. Wenye magari husema, ‘Hawa wa baiskeli hawana taa, hawana breki, hukata njia bila kuangalia.’ Wenye baiskeli husema, ‘Hawa wa magari hudhani barabara ni mali yao.’ Kwa maoni yetu pande zote mbili husema kweli, ila kila mmoja husema kweli ya mwenziwe na kuificha ya kwake. Ugomvi huu si mpya, wala haukuanzia kwetu. Mwaka 1896, motokaa zilipokuwa zingali kitu cha ajabu hata huko Marekani, dereva mmoja katika mji wa New York alimgonga mwanamke aliyepanda baiskeli, akamvunja mguu. Motokaa zilikuwa chache mno, na hata hivyo zilimpata mwenye baiskeli wa kumgonga. Leo Shirika la Afya Ulimwenguni, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lahesabu watu milioni 1.19 wafao barabarani kila mwaka duniani, na zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, kwa baiskeli na kwa pikipiki.

Je, wajibu ni wa nani? Ni wa wote wawili, lakini haukugawanywa sawasawa kama mkate ukatwao katikati. Kila mmoja anacho kitu ambacho mwenziwe hawezi kumfanyia. Mwenye baiskeli hawezi kupunguza mwendo wa lori lijalo nyuma yake. Mwenye lori peke yake aweza. Wala mwenye lori hawezi kumvika mwenye baiskeli nguo nyeupe gizani. Mwenye baiskeli peke yake aweza. Tena wakikosa wote wawili, adhabu yao si moja, maana mmoja hukwaruza rangi ya gari na mwingine hufa. Kwa sababu hiyo Waholanzi, ambao wengi wao huenda kwa baiskeli, wameandika katika sheria yao kwamba motokaa ikimgonga mwenye baiskeli, mwenye motokaa ndiye atakayelipa madhara, isipokuwa athibitishe kwamba jambo lile lilikuwa nje ya uwezo wake kabisa. Na kama aliyegongwa ni mtoto wa chini ya miaka 14, karibu kila mara hulipa yote. Wako waionao sheria hii kuwa kali. Sisi twaiona kuwa yenye akili, kwa kuwa humtaka aliye na nguvu zaidi awe na uangalifu zaidi.

Sheria yetu wenyewe, yaani Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, yaagiza mwendo usizidi kilometa 50 kwa saa mahali penye makazi ya watu, na magari makubwa ya mizigo na ya abiria yasizidi 80 hata nje ya makazi. Hesabu hizi zina sababu, na kila mtu aliyejifunza kuzidisha aweza kuiona. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 katika sekunde moja. Dereva amwonapo mtu, kabla mguu wake haujafika kwenye breki, hupita sekunde moja au moja na nusu. Yaani gari limekwisha kwenda mita 30 hivi bila kupungua hata kidogo. Kisha breki zashika, nalo laenda mita nyingine 50 na labda zaidi, hata lami ikiwa kavu. Jumla ni karibu mita 80. Likienda kilometa 40 kwa saa, mita 30 zatosha. Angalieni: mwendo umepungua nusu, lakini umbali wa kusimama umepungua zaidi ya nusu. Dereva apitaye katikati ya Laela au Mpui kwa kilometa 80 hupata faida ya dakika chache tu afikapo Sumbawanga, na dakika hizo huzinunua kwa mita 50 za watu wengine.

Sasa tuseme habari za honi, maana hapa ndipo penye kutoelewana kukubwa kuliko pote. Honi ina maana gani? Muulize dereva, atakujibu, ‘Namjulisha kwamba naja.’ Muulize mwenye baiskeli, atakujibu, ‘Ananiamuru nitoke.’ Dereva akiisha kuipiga huona kwamba amemaliza kazi yake, naye huendelea kwa mwendo ule ule. Mwenye baiskeli akiisikia karibu mno hushtuka, akageuza kichwa kutazama nyuma kwa bega la kulia. Jaribu mwenyewe uwanjani, utaona: kichwa kikigeuka kulia, mikono hukifuata, na baiskeli huvutwa kulia, yaani katikati ya barabara, mbele ya gari lenyewe. Honi iliyopigwa ili kumwokoa ndiyo iliyomleta chini ya magurudumu. Basi dereva na aipige mbali, mara moja, kwa upole, kisha apunguze mwendo kana kwamba haikusikiwa. Huenda kweli haikusikiwa, maana Ufipa ni nchi ya baridi na upepo, na asubuhi watu hufunga masikio yao kwa kofia na mitandio. Mwenye baiskeli naye ajifunze kutazama nyuma bila kusogeza usukani. Lajifunzika kwa siku moja, nasi twashangaa kwamba watoto hufundishwa kupanda baiskeli wala hawafundishwi neno hili.

Kupita nako kuna adabu yake. Ujerumani na Ufaransa zimeagiza kwa sheria kwamba mwenye gari ampitaye mwenye baiskeli nje ya mji amwachie nafasi, Ufaransa mita moja na nusu, Ujerumani mita mbili. Hata pasipo sheria ya namna hiyo, uwanda wetu wenyewe wadai nafasi hiyo. Miti ni michache, na upepo huvuma kwa nguvu. Mwenye mzigo mpana huuegemea upepo kama mtu aegemeaye ukuta. Lori refu likipita upande wa upepo huukata ghafula, ukuta waondoka, naye huinamia lori. Tena ukingo wa lami mara nyingi uko juu kuliko udongo wa kando, hasa mvua zikiisha kuula udongo ule. Gurudumu la baiskeli likishuka pale haliwezi kupanda tena kwa ubavu. Mtu akilazimisha huangukia ndani, walipo magari. Dereva asemaye, ‘Angetoka tu kidogo,’ hajapata kujaribu kutoka tu kidogo akiwa na gunia nyuma. Kama lori jingine laja mbele na nafasi haitoshi watu watatu, yampasa aliye nyuma kungoja. Kungoja kwenyewe ni sekunde kumi.

Lakini mwenye baiskeli asisome haya na kujipongeza. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya mwendo wa barabarani wamwita aendeshaye baiskeli dereva, sawa na aendeshaye gari. Jina hilo ni heshima, nalo lina deni lake. Aende kushoto, wala asiende kulia kwa kisingizio cha kutaka kuyaona magari yajayo. Hiyo ni desturi njema ya mwenda kwa miguu, si yake. Wasiende wawili watatu sambamba wakizungumza. Na jambo kubwa zaidi ni kukata kulia. Njia ya kwenda nyumbani yatoka upande wa kulia, mtu ameizoea tangu utoto, miguu yake yaijua, naye hugeuka bila kufikiri wakati gari limekwisha kuanza kumpita. Anyoshe mkono wa kulia mapema. Kama mzigo haumruhusu kuachia usukani, basi asimame kushoto, ashuke, atazame pande zote mbili, kisha avuke akiisukuma baiskeli yake. Habari za pombe hatutazirefusha. Kila mtu ajua jioni ya siku ya mnada ilivyo, na hapo hatuoni tofauti kati ya aliyeshika usukani mkubwa na aliyeshika mdogo.

Breki nazo zatutia hofu, hasa kwa wale washukao kutoka uwandani kwenda bonde la Ziwa Rukwa kwa njia ya Muze, ambako nchi hushuka mamia ya mita kwa mwendo mfupi, na kona ni kali. Breki za mpira zishikazo rimu ya chuma hupoteza nguvu zake nyingi rimu ikilowa maji. Basi mvua ikinyesha mtu ashuke akaisukume baiskeli, na kandambili asiihesabu kuwa breki.

Lililobaki ni giza. Saa zetu ni zile zile za Dar es Salaam, lakini sisi tuko mbali magharibi, hata jua hutuchomozea nusu saa hivi baada ya wao. Mwezi wa Juni na Julai saa moja asubuhi jua halijachomoza bado Sumbawanga, na watoto wamekwisha kutoka kwenda shule, wengine wawili juu ya baiskeli moja. Masika huleta ukungu juu ya giza hilo. Taa za gari zikiinamishwa huangaza kama mita 40 tu mbele. Nasi tumekwisha kuona kwamba aendaye kilometa 80 hawezi kusimama katika mita 40. Yaani dereva huyo hukimbilia mahali asipopaona. Magari mawili yakikutana, na mmoja asipoinamisha taa zake, mwenye baiskeli aliye katikati ya nuru zile mbili hapotei kwa sababu ya giza, hupotea kwa sababu ya mwanga. Dereva aliyepofushwa hivyo apunguze mwendo mpaka macho yarudi. Na mwenye baiskeli, kama hana taa, apate kioo chekundu cha nyuma kirudishacho nuru, akifute matope kila siku. Huonekana mita 100 na zaidi. Akikosa hata hicho, afunge kipande cha kiroba cheupe nyuma ya mzigo.

Ajali ikiisha kutokea, sheria yamtaka dereva asimame, asaidie, na kupeleka habari polisi. Wengi hukimbia, na si kwa ukatili siku zote; huogopa mawe. Hapo kosa ni letu sisi tusimamao kando. Umati upigao dereva humfundisha dereva wa kesho kumwacha majeruhi akitokwa na damu. Dereva akiona maisha yake yamo hatarini, na aende moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu; nasi tulio pale tumshughulikie aliyelala chini, tusimnyang'anye mzigo wake wala wa gari.

Twaomba kila usharika uchague jioni moja mwezi huu, watu walete baiskeli zao, na wenye magari waje pia. Kwanza dereva apande baiskeli yenye gunia, auzunguke uwanja, kisha mtu apige honi nyuma yake bila kumwonya. Giza likiingia, mwenye baiskeli aketi katika kiti cha dereva, gari likiwa limesimama na taa zake zimeinamishwa, na mwenziwe aliyevaa koti jeusi aje polepole kutoka mbali, akihesabu hatua. Aliye garini aseme, ‘Namwona,’ wakati amwonapo kweli. Kisha warudie, na safari hii yule ajaye ajifunge kiroba cheupe kifuani. Hesabu zote mbili ziandikwe ubaoni, na chini yake ziandikwe zile mita 80.