Lugha, Mazingira na Mvuto wa Taaluma za Hisabati na Sayansi: Mfano wa Ayany, Kibera

1.0 Utangulizi

Ni jambo la kawaida kusikia ikisemwa kwamba mwanafunzi fulani hana kichwa cha hesabu. Kauli hii huchukulia kuwa mvuto wa hisabati na sayansi ni kipawa ambacho mtu huzaliwa nacho au hukikosa. Makala haya yanaipinga. Yanajadili mambo yanayomvuta mwanafunzi wa chuo kuelekea taaluma hizo au kumfukuza, yakirejelea mtaa wa Ayany, Kibera, jijini Nairobi. Hoja kuu ni kwamba mvuto hujengwa, na kwamba lugha ni tofali mojawapo la jengo hilo ambalo wengi hulisahau.

2.0 Mvuto hujengwaje?

Mnamo mwaka wa 1994, wanasaikolojia Robert Lent, Steven Brown na Gail Hackett waliwasilisha nadharia ya uchaguzi wa kazi yenye mizizi katika mawazo ya Albert Bandura. Kwa mujibu wao, mtu huvutiwa na kazi anayoamini kuwa anaiweza na anayotarajia kuwa itamletea tija. Imani hiyo hukuzwa na mambo kama vile kufaulu kwake mwenyewe, kuona watu wa hali yake wakifaulu, na kutiwa moyo. Basi mwanafunzi anapojaza fomu ya kuchagua kozi baada ya mtihani wa kidato cha nne, uamuzi wake huwa ulianza kuundwa miaka mingi kabla ya siku hiyo.

3.0 Mazingira ya Ayany

Ayany ni mtaa wa nyumba za kudumu ulio jirani na Olympic na Makina. Barabara ya Ngong, inayopita kati ya Kibera na Kawangware, ndiyo iliyo na kilichokuwa Chuo cha Walimu wa Sayansi cha Kenya, ambacho baadaye kiligeuzwa kuwa kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Kwa hatua za miguu, sayansi haiko mbali na kijana wa Kibera. Umbali uliopo ni wa taswira: ni nadra kijana huyo kuambiwa kuwa anayoyaona mtaani ni sayansi.

Mifano haikosekani. Mnamo 2009, vijana wa Kibera walipita vichochoroni wakiwa na vifaa vya kupokea mawimbi ya setilaiti, wakachora ramani huria ya makazi yao katika mradi wa Map Kibera. Hiyo ilikuwa jiografia na hisabati kwa vitendo. Aidha, shirika la Umande Trust lilijenga vyoo ambavyo kinyesi chake huozeshwa pasipo hewa na kutoa gesi ya kupikia. Hiyo ni kemia na biolojia. Kijana anayemwona jirani yake akifanya kazi ya namna hii hupata kielelezo cha karibu kuliko picha iliyomo kitabuni.

Hata hivyo, tija hupimwa pia kwa muda. Familia inayoishi kwa kibarua cha kutwa huona miaka mingi ya uhandisi au udaktari kuwa safari ndefu, hata mkopo wa serikali unapopatikana. Msichana naye hubeba mzigo wa kazi za nyumbani jioni, wakati ambapo mwenzake wa kiume anadurusu. Kwake, mfano wa Wangari Maathai, mwanabiolojia aliyepata uzamifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi mnamo 1971, una uzito usiopungua ule wa kitabu cha kiada.

4.0 Nafasi ya lugha

Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza lugha ya eneo la shule itumiwe katika madarasa matatu ya kwanza, kisha Kiingereza kishike hatamu kuanzia darasa la nne. Mtoto wa Kibera, anayecheza kwa Kiswahili na Sheng na pengine kuzungumza Kinubi, Kiluo au Kiluhya nyumbani, hukutana na sayansi kwa lugha ambayo bado anajifunza. Akishindwa kujibu swali, ni vigumu kujua kama kilichomshinda ni hesabu au ni sentensi. Mwenyewe huhitimisha kuwa ni hesabu, na imani yake hufifia. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Darasani, huyo ndiye anayepaswa kuambiwa kwanza.

Tuchukue dhana ya kazi katika fizikia. Mama anauinua mtungi wa maji wa lita 20 kutoka chini hadi kichwani, kimo cha mita 1.5. Maji hayo yana uzani wa takriban nyutoni 200, kwa hiyo amefanya kazi ya jouli 300 hivi. Akisimama foleni na mtungi huo kwa nusu saa, shingo itamuuma, lakini kifizikia hajaufanyia mtungi kazi yoyote, kwa kuwa haukusogea. Mfano huu unaeleweka Ayany bila kamusi. Vilevile unaonyesha palipo na kazi ya mwanaisimu: neno "nguvu" mtaani hubeba kwa pamoja dhana ambazo fizikia huzitenganisha kuwa kani na nishati.

5.0 Tahadhari kutoka Tanzania

Haifai kudai kuwa Kiswahili pekee kitaleta wahandisi. Tanzania imefundisha shule za msingi za umma kwa Kiswahili tangu 1967, na TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mnamo 1990. Hata hivyo, hisabati imebaki miongoni mwa masomo yanayowaangusha wengi katika kidato cha nne. Wanafunzi hao huhamia Kiingereza ghafla waingiapo sekondari. Isitoshe, walimu na maabara havitoshi. Funzo ni kwamba istilahi bila daraja, na daraja bila mwalimu, havimvushi mtu.

6.0 Hitimisho

Mvuto wa taaluma za sayansi hutokana na imani, tarajio, vielelezo na lugha kwa pamoja. Mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kujenga maabara, lakini anaweza kukaa na mwenzake wa fizikia na kuandaa maelezo ya dhana kumi kwa mifano ya mtaani, kisha wakayajaribu na wanafunzi wa sekondari Ayany au Kawangware. Endapo maelezo hayo yatamwezesha mmoja wao kutambua kuwa kilichomshinda kilikuwa sentensi wala si hesabu, chama cha Kiswahili kitakuwa kimeitumikia sayansi.