Kuhamisha Nasaba Pamoja na Picha Zake

Wenzangu kadhaa huandika nasaba za jamaa zao katika kompyuta wakati wa likizo, nami naona yafaa nieleze jambo moja.

Nasaba huhamishwa kutoka programu moja mpaka nyingine kwa mtindo uitwao GEDCOM, uliotungwa mwaka 1984 na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, huko Marekani. Faili lake ni maandishi matupu: majina, tarehe, na nani mzazi wa nani. Picha na sauti hazimo. Kilichomo ni anwani tu ya mahali zilipowekwa katika kompyuta ya kwanza. Ukilichukua faili peke yake, jina la bibi litafika Mbagala, lakini uso wake utabaki Kinondoni.

Majina wazee wetu wangali wakiyajua. Sauti ya marehemu bibi akiyataja ndiyo haipatikani tena, nayo ilikuwa katika kompyuta ya baba mdogo.

Basi, weka picha na sauti zote katika folda moja, uinakili pamoja na faili, kisha uionyeshe programu mpya folda ilipo. GEDCOM 7.0 ya mwaka 2021 inalo furushi la kufungia vyote, liitwalo GEDZIP. Ila hakikisha kwanza kwamba programu unayohamia inaweza kulifungua.

Wala usifute kitu katika kompyuta ya kwanza kabla hujafungua kila picha katika ya pili. Sisi tulifungua zote, kazi ya jioni nzima, na sauti ya bibi baba mdogo akataka tuirudie.