Tuuelewe Ulemavu wa Akili

Katika somo hili tunaangalia ulemavu wa akili ni nini, husababishwa na nini, na sisi tufanye nini.

Maana yake
Mwenye ulemavu wa akili hujifunza polepole kuliko wenzake na huhitaji msaada katika mambo ya kila siku. Hali hii huanza utotoni. Siyo kichaa. Wala siyo mtindio wa ubongo, ingawa mtoto mmoja anaweza kuwa na hali zote mbili. Mtoto mwenye mtindio anaweza kushindwa kutembea au kusema, lakini akawa na akili timamu.

Viwango
- Kidogo: ndio walio wengi. Wanaweza kujifunza kusoma na kujitegemea.
- Wastani: hufanya kazi rahisi wakielekezwa.
- Mkubwa na mkubwa sana: huhitaji uangalizi daima.

Sababu
- Kabla ya kuzaliwa: hali ya Down, mama kukosa madini joto au kunywa pombe.
- Wakati wa kuzaliwa: mtoto kukosa hewa.
- Baadaye: umanjano mkali, homa ya uti wa mgongo, malaria kali.

Mara nyingine sababu haijulikani.

Degedege
Hapa Soga, na Mkoa wa Pwani kwa jumla, jambo hili lina uzito wake. Watu wengi wa pwani wameamini kwamba degedege huletwa na ndege wa usiku, na kwamba sindano itamwua mtoto. Hivyo huanzia kwa mganga. Kumbe mara nyingi chanzo ni homa, na malaria inapofika kwenye ubongo, kuchelewa kunaweza kuua au kuacha ulemavu wa kudumu. Mlaze mtoto ubavu, usimtie kijiko mdomoni, mpeleke zahanati mara moja.

Magonjwa yanayoambatana
Wengi wana kifafa. Dawa za kila siku husaidia. Wenye hali ya Down wapimwe moyo, masikio na tezi ya shingo.

Wajibu wetu
Katika Yohana 9, wanafunzi walimwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu. Yesu alikataa kumlaumu yeye wala wazazi wake. Basi nasi tusimlaumu mama. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma.

Maswali ya kujadili
1. Je, kuna mtoto anayefichwa ndani katika kitongoji chetu?
2. Degedege ikitokea usiku, nani ana usafiri wa kutufikisha zahanati?